Kabla Hujachapa Dodoso

Mwaka 1991 wadadisi walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya mkoa wa Kagera. Ukimwi ulikuwa umeupiga mkoa huo mapema na vibaya, na swali walilokwenda nalo lilikuwa zito: mtu mzima anapofariki, wanaobaki wanaishije? Nani analima, watoto wanaendelea na shule au wanatolewa, mali inauzwa au inabaki? Kaya zilizohojiwa zilizidi 900, na wadadisi walizirudia kwa awamu hadi mwaka 1994. Mwaka 2004 wakatafutwa watu walewale. Mwaka 2010 wakatafutwa tena. Aliyehamia Mwanza alifuatwa Mwanza, aliyekuwa Dar es Salaam alifuatwa Dar es Salaam, na waliovuka mpaka kwenda Uganda walifuatwa hukohuko. Kati ya kila kaya kumi za mwanzo, katika zaidi ya tisa alipatikana walau mtu mmoja wa kuhojiwa.

Kutokana na kazi hiyo, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walichapisha mwaka 2011 makala ambayo wachumi wa maendeleo bado wanaisoma. Walilinganisha watu waliotoka kaya moja, na wakaonyesha kwamba kuhama kati ya mwaka 1991 na 2004 kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mtu kwa pointi 36 za asilimia. Hitimisho hilo halikuweza kupatikana kwa kuhoji watu mara moja. Lilihitaji mtu aliyehojiwa akiwa mtoto kijijini kutafutwa tena akiwa mtu mzima mjini, na jibu lake kuwekwa kando ya jibu la ndugu yake aliyebaki.

Data hizo za Kagera ziko wazi kwa mtafiti yeyote. Mwanafunzi wa uzamili aliye Bukoba leo anaweza kuzipakua bila kulipa senti. Lakini mwanafunzi huyo, akitaka kuandika tasnifu kuhusu yatima na elimu, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni dodoso. Atatunga maswali, atachapa nakala, atapanda basi, atahoji watu mia moja na kitu katika kata mbili, kisha atarudi kuandika kuhusu mkoa mzima. Fedha zimekwisha, muda umekwisha, na sampuli yake haiwezi kubeba hitimisho analolitaka. Wakati huohuo, majibu ya maelfu ya watu wa mkoa wake, yaliyokusanywa kwa uangalifu ambao yeye peke yake asingeumudu, yamelala bila kufunguliwa.

Simlaumu. Vyuoni mwetu tumelea imani kwamba utafiti ni kwenda fildi, na kwamba anayetumia data zilizokusanywa na wengine amekwepa jasho. Wapo wasimamizi wanaomuuliza mwanafunzi "data zako ziko wapi?" kana kwamba data lazima ziwe zake. Imani hiyo inatugharimu sana. Inawagharimu pia wananchi tunaowahoji, maana mama wa Korogocho jijini Nairobi au wa Kisesa wilayani Magu ameshaulizwa mara nyingi idadi ya watoto wake, na ana haki ya kuona majibu yake ya kwanza yakitumika vizuri kabla hajagongewa mlango mara nyingine.

Pa kuanzia

Anza nyumbani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo wengi tunaiita NBS, ina katalogi ya data kwenye mtandao. Shirika la takwimu la Kenya, KNBS, nalo lina yake. Uganda na Rwanda vilevile. Katalogi hizi nyingi zimejengwa kwa programu moja iitwayo NADA, kwa hiyo ukishajifunza kuitumia ya nchi moja, za jirani hazitakusumbua. Katika kila utafiti utakuta dodoso lenyewe, mwongozo wa wadadisi, maelezo ya sampuli, orodha ya vigeu, na maelekezo ya namna ya kupata data ghafi. Nyingine unazipakua baada ya kujisajili tu, nyingine unaziombea kibali ukieleza unataka kuzifanyia nini, na chache husomwa ofisini kwao tu.

Kwa Tanzania kuna jambo linalowakwamisha hata wazoefu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya unaofanywa na NBS, ule wa 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18, ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina utafiti wake, unaofanywa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya huko, na miaka yake ni mingine: 2004/05, 2009/10, 2014/15, 2019/20. Ukiona tasnifu inazungumzia umaskini "nchini Tanzania" kwa kutumia utafiti wa Bara peke yake, ujue Unguja na Pemba zimesahaulika bila mwandishi kujua. Anayetaka nchi nzima kwa pamoja ana njia nyingine, nayo ni utafiti ufuatiliao kaya, yaani National Panel Survey, ambao NBS imeuendesha kwa msaada wa kitaalamu wa Benki ya Dunia tangu 2008/09.

Utafiti huu ufuatiliao kaya unastahili kufahamika na kila mwanafunzi wa kilimo, uchumi au maendeleo ya jamii. Awamu ya kwanza ilikuwa na kaya 3,265. Awamu ya tatu, ya 2012/13, ilifikia kaya 5,010, kwa sababu kijana akitoka kwao akaanzisha maisha yake naye anafuatwa. Ndani yake kuna mashamba, mazao, mbegu, mbolea, mifugo, chakula kilicholiwa, karo na ugonjwa. Kuna kitu kimoja ambacho mwanafunzi hawezi kukipata kirahisi peke yake: mkulima anaulizwa shamba lake ni ekari ngapi, kisha mdadisi analizunguka shamba akiwa na kifaa cha GPS kulipima. Vipimo hivyo viwili vimewekwa pamoja kwenye data. Tafiti za aina hii barani Afrika zimeonyesha kwamba wenye mashamba madogo huelekea kutaja ukubwa unaozidi uhalisia. Ukigawanya gunia za mahindi kwa ekari za kutajwa, unapata mavuno fulani. Ukigawanya kwa ekari zilizopimwa, unapata mengine, na mjadala mzima kuhusu tija ya mkulima mdogo unaweza kubadilika.

Kwa afya ya mama na mtoto, data zinazotumika kuliko zote ni zile za mpango wa tafiti za idadi ya watu na afya, DHS, ulioanza mwaka 1984 kwa fedha za Marekani. Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza mwaka 1989, Tanzania mwaka 1991/92, na nchi zote mbili zilifanya wa karibuni mwaka 2022. Sensa ni habari nyingine. Ripoti zake utazipata kwa ofisi za takwimu, lakini ukitaka sampuli ya watu mmoja mmoja, nenda IPUMS, hifadhi iliyo Chuo Kikuu cha Minnesota. Huko kuna sampuli za sensa za Tanzania za 1988, 2002 na 2012, na za Kenya kuanzia 1969, vigeu vikiwa vimewianishwa ili sensa moja iweze kulinganishwa na nyingine. Vyote ni bure kwa mtafiti aliyejisajili na kueleza kazi yake.

Halafu kuna vituo vinavyofuatilia eneo moja kwa miaka mingi, vikiandika kila kizazi, kila kifo na kila anayehama. Kisesa, wilayani Magu, kazi hiyo ilianza mwaka 1994. Ifakara, katika mabonde ya Kilombero na Ulanga, ilianza 1996. Kilifi, 2000. Jijini Nairobi kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani tangu 2002, na kina katalogi yake ya data inayofikika kwa mtandao. Ukitaka kujua vifo vya watoto katika makazi duni ya mjini vinabadilikaje mwaka hadi mwaka, hakuna dodoso la mwanafunzi litakalofikia hapo.

Mvua na ardhi nitazipitia haraka. Picha za setilaiti za Landsat, zinazoanzia 1972, zimekuwa bure tangu 2008. Makadirio ya mvua ya CHIRPS yanaanzia 1981 na yanagawa sehemu kubwa ya dunia katika vipande vya takriban kilomita tano kwa tano. Yanafaa sana wilaya isiyokuwa na kituo cha kupimia mvua, ilmradi uyalinganishe na vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa vilivyo karibu. Na anayeandika historia asiisahau maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upande wa East Africana, ambako takwimu nyingine ziko kwenye karatasi na hazijawahi kuingizwa kwenye kompyuta.

Faili limefunguka, kazi ndiyo inaanza

Kupakua faili si kupata data. Chukua mfano wa uzito wa mtoto anapozaliwa. Katika faili za DHS kigeu hicho kinaitwa m19, na kimeandikwa kwa gramu. Mtoto wa kilo tatu anasomeka 3000. Lakini mtoto ambaye hakupimwa anasomeka 9996, na yule ambaye mama yake hakumbuki uzito anasomeka 9998. Namba hizo ni alama tu. Kompyuta hailijui hilo. Mwanafunzi akiiambia impe wastani bila kuziondoa alama hizo, itamchanganyia mle watoto wa karibu kilo kumi, wengi wao wakiwa wamezaliwa nyumbani, mbali na mizani. Matokeo yatakuwa ya ajabu: watoto waliozaliwa nje ya zahanati wataonekana wazito kuliko waliozaliwa hospitalini. Na kwa sababu kompyuta haikulalamika, mtu anaweza kukaa chini akatunga nadharia ya kueleza ajabu hiyo.

Kuna pia suala la uzito wa sampuli. Tafiti hizi haziwachukui watu kwa uwiano sawa kila mahali. Mikoa yenye watu wachache huongezewa kaya ili ipate makadirio yanayoaminika, kwa hiyo mtu mmoja aliyehojiwa Kaskazini Pemba hawakilishi idadi sawa na mtu mmoja aliyehojiwa Dar es Salaam. Kigeu v005 ndicho kinachorekebisha hali hiyo, na lazima ukigawe kwa 1,000,000 kwanza, maana kimehifadhiwa bila nukta ya desimali. Yote hayo yameelezwa kwenye mwongozo. Tatizo ni kwamba mwongozo una kurasa nyingi, umeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mwanafunzi amebakiza wiki chache kabla ya kuwasilisha.

Mipaka ya mikoa nayo inahitaji macho. Mwaka 2002 Manyara ilitoka Arusha. Mwaka 2012 zikazaliwa Geita, Simiyu, Njombe na Katavi. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Utafiti wa DHS wa 2010 una mikoa 26, wa 2015/16 una 30, wa 2022 una 31. Anayelinganisha Mbeya ya 2010 na Mbeya ya 2022 analinganisha maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Ili alinganishe kwa haki, lazima aiunganishe Mbeya ya sasa na Songwe, airudishe Njombe kwa Iringa na Katavi kwa Rukwa. Geita ni ngumu zaidi, kwa kuwa ilichukua vipande vya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Huwezi kuirudisha mahali pamoja. Hapo unahitaji data za ngazi ya wilaya, au unakubali kuunganisha kanda nzima. Kenya nao wana yao: aliyezoea wilaya na mikoa ya zamani anakutana na kaunti 47 za katiba ya 2010.

Na katika utafiti ufuatiliao kaya, namba ya kaya hubadilika jina kila awamu: hhid katika ya kwanza, y2_hhid katika ya pili, y3_hhid katika ya tatu. Kaya moja ikigawanyika inazaa kaya nyingine, kila moja na namba yake. Mwaka 2014/15 sehemu kubwa ya sampuli ilianzishwa upya, kwa hiyo anayedhani atafuata kaya zilezile zote kutoka 2008 hadi 2021 atajikuta amezipoteza nyingi katikati. Hilo linaelezwa kwenye nyaraka za awamu hiyo, si ndani ya faili la data.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoharibika, na zinaharibika kimyakimya. Mwanafunzi hakudanganya wala hakuwa mvivu. Alikosa mtu wa kumwambia.

Mtu wa kumwambia

Nchi nyingine zimeifanya kazi ya kumwambia kuwa ajira kamili. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha mwaka 1962 hifadhi ya data za sayansi ya jamii ambayo leo inajulikana kama ICPSR. Chuo cha Essex, Uingereza, kilifungua ya kwake mwaka 1967. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town kilianzisha DataFirst mwaka 2001. Huko kazi haiishii kwenye kuhifadhi mafaili. Wapo watu wanaoyafungua, wanaosoma dodoso swali kwa swali, wanaorekebisha majina ya vigeu, wanaoandika mahali palipo na kasoro, na wanaojibu maswali ya watafiti. DataFirst inahifadhi na kutoa data za nchi mbalimbali za Afrika, na mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret ana haki ya kuwaandikia sawa na yule wa Cape Town.

Kwetu kazi hiyo imetawanyika. Mkutubi anajua kutafuta lakini hakufundishwa kusoma faili la programu ya takwimu ya Stata. Mhadhiri wa takwimu anajua uzito wa sampuli lakini ana madarasa manne na wanafunzi wa kusimamia. Mtu wa TEHAMA anaweza kukuwekea programu. Ofisi ya utafiti inashughulika na vibali. Kila mmoja ana kipande cha jibu, na mwanafunzi anazunguka mlango hadi mlango akikusanya vipande, mara nyingi bila kujua kama ameshavipata vyote. Ninaamini kwa dhati kwamba chuo kikimwajiri mtu mmoja tu, akakaa maktaba, akiwa na elimu ya takwimu kama ile inayotolewa na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Dar es Salaam na stadi za ukutubi, mshahara wake utarudi mara nyingi kwa tasnifu zitakazookoka. Vyuo vyetu vinalipia majarida na majengo. Mtu huyu ni nafuu kuliko vyote viwili.

Mpaka atakapoajiriwa, mwanafunzi anapaswa kujua namna ya kuuliza. Msaada unaoupata hutegemea sana swali ulilopeleka. Ukimwandikia mtunza data "Naomba data za kilimo," atakujibu kwa kiunganishi cha tovuti, na hakukukosea. Lakini ukiandika hivi, mambo yanabadilika:

"YAH: DATA ZA MAVUNO YA MAHINDI NGAZI YA SHAMBA. Ndugu, mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika uchumi wa kilimo. Natafuta data za kaya za Tanzania Bara kati ya 2008 na 2021 zenye mavuno ya mahindi kwa kila shamba na ukubwa wa shamba uliopimwa kwa GPS. Nimeshasoma dodoso la kilimo la awamu ya pili na ya tatu ya utafiti ufuatiliao kaya. Sijaelewa kwa nini mashamba mengine hayana kipimo cha GPS, na kama kuna uzito wa sampuli ulioandaliwa kwa ajili ya mashamba hayo. Nimeambatisha barua ya utambulisho na ukurasa mmoja wa pendekezo la utafiti."

Barua hiyo inataja kipimo, mahali, miaka na ngazi ya data. Inaonyesha kwamba mwandishi ameshafungua nyaraka na amekwama mahali fulani. Mtaalamu akiipokea anajua ajibu nini, na mara nyingi ataongeza jambo ambalo hukuliuliza: kwamba awamu nyingine mashamba ya mbali hayakupimwa, au kwamba kuna toleo jipya la faili lililorekebishwa. Andika pia toleo la faili ulilonalo na tarehe uliyolipakua. Data hurekebishwa baada ya kuchapishwa, na watu wawili wanaweza kubishana kuhusu matokeo kumbe kila mmoja ana toleo lake.

Kama unaanzia gizani kabisa, tafuta kwanza makala tatu au nne zilizojibu swali linalofanana na lako, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu. Mwandishi lazima ataje data alizotumia. Njia hii inashinda kuandika maneno kwenye mtambo wa kutafutia, ingawa Google nayo ina mtambo maalumu wa kutafuta seti za data tangu 2018, na orodha iitwayo re3data inakusanya hifadhi za data za dunia nzima kwa fani zake.

Milango ikifungwa

Mwezi Februari 2025, baada ya serikali ya Marekani kusitisha misaada yake ya nje, mpango wa DHS ulisimama. Tovuti yake ikatangaza kwamba haiwezi kujibu maombi ya data. Mwanafunzi wa Mbarara au Mwanza aliyekuwa anasubiri idhini akabaki anasubiri, na data aliyoihitaji ilikuwa ya watu wa wilaya yake. Baadaye zilipatikana fedha za muda kutoka kwingine za kuendeleza baadhi ya kazi, lakini kwa waliokuwa katikati ya tasnifu muhula ulikuwa umepotea.

Tukio hilo lilinifanya nifikiri upya kuhusu hifadhi zetu. Wananchi waliojibu maswali yale walikuwa Watanzania, Wakenya, Waganda. Wadadisi walikuwa vijana wetu. Ofisi zetu za takwimu ndizo zilizosimamia kazi. Funguo za mlango mkuu zilikuwa Marekani. Sisemi data ziondolewe huko. Zimetunzwa vizuri kwa miongo minne, na watafiti wetu wamenufaika. Nasema kila ofisi ya takwimu, na kila chuo kikuu kinachofundisha afya ya jamii, iwe na nakala halali, pamoja na nyaraka zake zote, na mtu anayezifahamu. Mtafiti naye, akishapewa idhini, apakue faili, dodoso, mwongozo na ripoti kwa pamoja, avitunze mahali pawili.

Lakini kutunza nakala si kugawa nakala. Masharti ya hifadhi nyingi yanakukataza kumpa mwenzako faili ulilopewa wewe. Yeye aombe lake. Sharti hilo lina sababu. Anayejua kijiji, umri, idadi ya watoto na kazi ya mtu anaweza kumtambua hata kama jina limefutwa. Ndiyo maana DHS husogeza makusudi alama za GPS za maeneo yaliyohojiwa: mjini hadi kilomita mbili, vijijini hadi kilomita tano, na sehemu ndogo ya zile za vijijini hadi kilomita kumi. Mtafiti anayepima umbali kutoka kijijini hadi zahanati lazima alizingatie hilo, la sivyo atapima umbali usiokuwepo. Na sheria sasa zimefika: Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania ikatunga ya kwake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Data zilizofutwa majina na kutolewa rasmi hazikuondolei wajibu wa kupitia kamati ya maadili ya chuo chako. Kamati nyingi hupitisha haraka maombi ya data za upili, yaani zilizokusanywa na wengine, ukiambatisha masharti ya hifadhi na uthibitisho kwamba huna namna ya kuwatambua waliohojiwa.

Wapo ambao swali lao halina data popote. Mtu anayechunguza bei ya dagaa wabichi mwaloni Kirumba alfajiri hadi alfajiri, au lugha wanayotumia makondakta wa daladala, atachapa dodoso lake au atabeba kinasa sauti chake, na afanye hivyo bila kuona aibu. Hata huyo achukue maswali ya umri, elimu na mali ya kaya kutoka kwenye dodoso la taifa kama yalivyo, neno kwa neno, pamoja na alama zake za majibu. NBS imekwisha kuyajaribu kwa Kiswahili kwa maelfu ya watu. Akiyatumia hayo, ataweza kuiweka sampuli yake ndogo kando ya ile kubwa na kuona kama watu wake ni wa kawaida au ni wa pekee.

Akimaliza, data zake nazo ziwekwe mahali. Flashi iliyo kwenye droo ya msimamizi haihesabiki. Zipo hifadhi zinazopokea data za watafiti wadogo bila malipo: Zenodo, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kuendeshwa na kituo cha utafiti cha CERN, ni mojawapo, na DataFirst hupokea data za kijamii kutoka Afrika. Faili lihifadhiwe katika muundo unaosomeka bila programu ya kulipia, kwa mfano CSV. Liambatane na dodoso, na ukurasa unaoeleza kila kigeu, kila alama ya jibu, nani alihojiwa, lini, wapi, na nani alikataa. Majina na namba za simu ziondolewe kabla, si baada. Hifadhi italipatia faili namba yake ya kudumu, na namba hiyo iandikwe kwenye tasnifu, katika sura ya mbinu, ili mwanafunzi wa mwaka unaofuata aweze kuanza pale mwenzake alipoishia.